Lango la Kiwanda cha Sabuni

Kikosi cha kulinda amani kilipiga kambi ndani ya kiwanda cha sabuni kilichokuwa kimefungwa kwa miaka kumi na miwili. Mashine ziliuzwa kitambo na mabati yalishaanza kuliwa na kutu, lakini kuta bado zilinuka magadi, na mvua ikinyesha mifereji ya uwanjani ilitoa povu jembamba. Askari walikuwa mia moja na ishirini, kutoka nchi ya mbali, chini ya meja mmoja mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kufuta miwani yake kwanza ndipo ajibu swali. Walikuja na azimio la Baraza, karatasi tatu, lililosema kwamba watawalinda raia walio katika hatari ya kushambuliwa, kwa kadiri ya uwezo wao. Meja alibandika nakala yake ofisini, juu ya meza ya redio.

Mkalimani wao alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa zamani wa sekondari, aliyeachana na mume na chaki katika mwaka mmoja. Aliishi Bondeni, mtaa uliokuwa chini ya kiwanda, katika nyumba mbili za ua mmoja: moja yake na mama yake, ya pili ya mdogo wake wa kiume, mkewe na watoto wao watatu. Mdogo wake huyo alikuwa fundi baiskeli, mwembamba kama vile vyuma vya gurudumu alivyokuwa akivikaza kutwa, na mtaa mzima ulimwita Spoku. Alipenda kuwaambia wateja, "Dada yangu kaajiriwa na dunia nzima kurudia maneno ya watu. Mke wangu anarudia ya kwangu bure, tena kwa sauti." Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akimjibu bila kuinua macho kwenye sindano: "Yangekuwa ya maana ningeyarudia mara moja tu."

Watu wa Bondeni walikuwa wajukuu wa vibarua walioletwa zamani kufanya kazi kiwandani. Walizaliwa hapo, baba zao walizaliwa hapo, na makaburi yao yalikuwa hapo. Hata hivyo watu wa mlimani waliendelea kuwaita wageni, kwa utani wakati wa kawaida, na kwa meno wakati wa uchaguzi. Mwaka ule utani uliisha.

Meja naye mjini walimwita Bwana Tutaona. Kosa lilikuwa la mkalimani. Kila raia aliyefika na shida, Meja alimjibu kwa neno moja la lugha yake lenye maana kwamba jambo limepokelewa, litafikishwa kwa wahusika, na majibu yatatolewa kwa wakati wake. Mkalimani alitafuta njia ya mkato, akapata "tutaona". Baada ya mwezi mmoja watoto walikuwa wakimwamkia Meja barabarani kwa neno hilo, naye, akidhani ni salamu, akiwapungia mkono.

Wa kwanza kuona kwamba mambo yameharibika alikuwa wifi yake mkalimani, yule fundi cherehani. Wanaume wawili waliojitambulisha kuwa ni wa ofisi ya maji walipita nyumba kwa nyumba wakiandika idadi ya watu. Waliuliza nani analala chumba kipi, na babu wa mwenye nyumba alizaliwa wapi.

"Wifi," alisema siku hiyo mkalimani alipotoka kazini, "bomba halijatoa tone tangu mwezi uliopita. Hao wanahesabu vinywa vya kunywa maji gani?"

Mkalimani alilifikisha jambo hilo kwa Meja asubuhi iliyofuata. Alimweleza pia kuhusu vijana wa doria, mgambo wa watu wa mlimani, ambao tangu wiki ile walikuwa wakifanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira wakiwa na mapanga mapya yenye mipini ya rangi moja, na kuhusu mtangazaji wa redio ya mjini aliyesema kwamba uchafu wa bondeni lazima ufagiliwe kabla ya mvua. Meja alifuta miwani, akaandika yote, na jioni akamwita mkalimani asome ripoti kabla haijatumwa makao makuu. Iliandikwa wazi: kuna maandalizi ya kuua raia wa mtaa mmoja kwa sababu ya asili yao.

Makao makuu walijibu baada ya siku mbili. Walishukuru. Waliomba lugha ya kiasi. Walipendekeza "mivutano ya kijamii".

"Ni maneno machache tu yamebadilika," Meja alimwambia mkalimani. "Mengine yote yamebaki."

"Meja, ukimwambia daktari mgonjwa ana mafua wakati anatapika damu, nayo ni maneno machache."

Meja hakukasirika. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Hilo hata waliomchukia baadaye hawakulikana. Alisema kwamba ripoti yenye maneno makali husomwa na mtu mmoja na kufungiwa kabatini, lakini yenye maneno ya kawaida hupita meza nyingi na mwishowe humfikia mwenye uamuzi. Aliamini alichosema. Alituma ripoti nne za namna hiyo katika wiki tatu, na mara zote alijibiwa aendelee kufuatilia.

Siku ya Jumanne gari la kambi lilimchukua mkalimani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama kawaida. Mama yake alikuwa amekaa kitandani akijipaka dawa ya mguu. Mguu ule ulikuwa umekufa ganzi tangu alipopata kiharusi, na kutoka chumbani hadi uani alihitaji robo saa na bega la mtu. Spoku alikuwa uani akitafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli ndani ya beseni la maji. Hakuna aliyeagana na mwenzake kwa namna ya pekee. Mkalimani alisema, "Haya, jioni," na Spoku akasema, "Wasalimie dunia."

Saa moja kasoro dakika chache milio ya risasi ilianza upande wa soko. Ilipofika saa moja na nusu watu walikuwa wamejaa mbele ya lango la kiwanda, na wengine walikuwa bado wanapanda kutoka Bondeni, na masufuria, na magodoro, na kuku waliofungwa miguu. Lango lilikuwa la chuma, upana wa malori mawili. Pande zote mbili ulianzia uzio wa nyaya, na mtu aliweza kuonana na aliye upande wa pili na hata kumshika kidole.

Meja alikuwa kwenye redio. Amri iliyokuwa mezani kwake ilikuwa fupi: raia wasiruhusiwe kuingia kambini bila idhini ya makao makuu, kwa sababu kambi haina chakula wala nafasi, na kwa sababu kikosi hakitakiwi kuonekana kinapendelea upande. Alikuwa akiomba idhini. Upande wa pili ulimwambia asubiri.

Mkalimani alimwona mdogo wake kwenye uzio. Alikuwa amembeba kitindamimba mgongoni kwa kanga ya mkewe, na wale wakubwa wawili walikuwa wameshika sketi ya mama yao.

"Mama yuko wapi?" mkalimani aliuliza.

"Kagoma. Kasema miguu yake haina mbio, niwahishe watoto kwanza. Nimemficha chumba cha nyuma, nimemwekea maji." Spoku alikuwa akihema. "Dada, hili lango linafunguliwa saa ngapi? Nikiona hawa wameingia ndani, nakimbia nikamchukue. Barabara ya daraja bado iko wazi. Nitampakia kwenye baiskeli."

Mkalimani alikuwa ametoka ofisini muda huohuo. Alikuwa ameisoma amri. Alijua kwamba idhini haijaja, na hakuwa na sababu yoyote ya kudhani kwamba ingekuja.

"Linafunguliwa," alisema. "Subiri kidogo."

Spoku akasubiri.

Muda mfupi baadaye Meja alimwita pembeni. Uso wake ulikuwa umepauka. Alimpa kipaza sauti cha mkononi. Makao makuu, alisema, yalikuwa yamezungumza na serikali, na serikali imehakikisha kwamba jeshi la polisi limetumwa na hali itatulia. Watu waambiwe warudi majumbani kwao. Kukusanyika hapa kunawafanya kuwa shabaha.

"Waambie, tafadhali," Meja alisema.

Mkalimani alikishika kipaza sauti, kisha akakirudisha.

"Hapana, Meja."

"Ni amri."

"Ni amri kwako. Mimi ni mkalimani. Nimesema maneno yako miaka miwili, hata yale yaliyoniumiza koo. Haya sisemi. Wale wananijua. Nikisema, wataamini, watarudi, nami nitakuwa nimewaua kwa mdomo wangu."

"Mimi siijui lugha yenu."

"Ni maneno manne tu. Nitakufundisha. *Rudini nyumbani, mtakuwa salama.* Sema."

Sajini aliyekuwa karibu aligeuka akatazama kwingine. Meja alimkodolea macho mwanamke yule, halafu, labda kwa sababu ya mazoea ya utii, au kwa sababu hakuona njia nyingine, akaanza kujifunza. Walisimama nyuma ya lori la maji. Mkalimani alitamka neno mojamoja kama alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi, naye Meja alilirudia. *Rudini* lilimtoka vizuri. *Nyumbani* lilimtoka. Alisumbuliwa na *mtakuwa*, alikuwa akiisukuma ile herufi ya kwanza kama mtu mwenye mfupa kooni. Mkalimani alimsahihisha mara tatu. Hakumwonea huruma na hakumdhihaki.

"Lina maana gani hilo la tatu?" Meja aliuliza.

"Ni ahadi. Unawaahidi kitu kitakachokuwa."

Meja akaenda langoni. Watu walinyamaza walipomwona ameinua kipaza sauti. Hata watoto walinyamaza. Mzee mmoja mshona viatu, aliyekuwa mbele kabisa na sanduku lake la kazi, alivua kofia. Meja alisema, "Rudini," kwa sauti kubwa na matamshi safi. Halafu akasimama.

Moshi ulikuwa umeanza kuonekana juu ya paa za Bondeni, mahali pawili, kisha patatu. Watu wengine waligeuka kuutazama na wengine hawakugeuka, walimtazama yeye. Mshona viatu alisema kwa upole, kama anayemsaidia mtu mwenye kigugumizi, "Tuko hapa, bwana mkubwa. Sema tu."

Meja alishusha kipaza sauti, akarudi ofisini karibu akikimbia.

Aliita tena kwa redio. Alisema kwamba nyumba zinawaka. Aliambiwa asubiri. Alipiga simu ya setilaiti kwa ofisi kubwa zaidi, katika mji mwingine kabisa, na aliyepokea akamwambia mkubwa wake yuko kikaoni. Aliomba atolewe kikaoni. Aliambiwa haiwezekani kwa sasa. Mkalimani alikuwa amesimama mlangoni na alisikia upande mmoja wa mazungumzo, lakini upande huo ulimtosha.

Saa tatu kasorobo alirudi kwenye uzio. Wifi yake alikuwa na mtoto mdogo mikononi. Spoku hakuwepo.

"Kaenda," wifi alisema. "Kasema hawezi kusubiri tena, mama yuko peke yake. Nikamwambia daraja huenda limefungwa. Kaniambia, kama limefungwa nitapita majini, mtu mwembamba haonekani." Alijaribu kucheka na ikamshinda. "Kaiacha baiskeli. Kasema itamchelewesha kwenye umati."

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye uzio.

Dakika ishirini na tano baadaye Meja alitoka ofisini bila kipaza sauti. Alimwambia sajini afungue lango.

"Kwa amri ya nani, Meja?" Sajini hakuuliza kwa ubishi. Alitakiwa kuliandika kwenye daftari la zamu.

"Yangu. Andika yangu."

Lango lilifunguliwa saa tatu na dakika kumi. Mkalimani aliitazama saa yake kwa sababu alijua siku moja ataulizwa. Tangu watu wa kwanza walipofika ilikuwa imepita saa moja na dakika arobaini.

Waliingia watu elfu mbili na mia tatu na kitu, na walikaa humo siku kumi na moja. Walilala ndani ya matangi ya zamani ya kupikia sabuni, wakaamka ngozi zikiwawasha. Askari waligawana nao mikebe yao ya chakula hadi ikabaki biskuti. Maji yalitoka kwenye kisima cha kiwanda, kikombe kimoja kwa mtu asubuhi na kimoja jioni, na mshona viatu ndiye aliyewekwa kusimamia mstari kwa sababu alikuwa hajui kupendelea. Hata mke wake mwenyewe alifokewa naye akae nyuma. Wifi alifungua begi alilokuwa ametoroka nalo, likatoka sindano, uzi na mkasi, hakuna nguo hata moja. Akashona maturubai ya magari yawe mahema. Askari wawili wa nchi ya mbali walimkalia pembeni kutwa wakimkunjulia pindo, wakawa wanamwita mama ingawa mmoja alimzidi umri.

Siku ya pili mkuu wa vijana wa doria alikuja langoni na watu kama mia tatu nyuma yake. Alikuwa mmoja wa wale wawili wa ofisi ya maji. Alikuwa na karatasi yenye majina. Alisema hana ugomvi na kikosi, anataka wahalifu kumi na saba tu waliojificha humo, apewe, aondoke.

Meja alisimama nje ya lango, peke yake na mkalimani. Alisikiliza hadi mwisho. Hakufuta miwani.

"Hapana," alisema kwa lugha yake.

"Hapana," mkalimani alisema.

Mkuu wa doria alingoja sentensi iendelee. Haikuendelea. Alimwuliza mkalimani kama hiyo ndiyo tafsiri yote, naye akamjibu kwamba safari hii Meja hakutumia neno jingine. Yule mtu alikunja karatasi, akasema atarudi. Alirudi mara nne. Siku ya sita walirusha bomu la mkono likaua askari mmoja aliyekuwa zamu kwenye mnara wa kaskazini, kijana mwenye meno yaliyoachana aliyekuwa hajui neno lolote la huku ila "biskuti". Siku hiyo askari walijibu kwa risasi, na waliokuwa nje hawakukaribia tena kiasi hicho.

Habari za Spoku zilifika siku ya nne, zikiletwa na mwanamke aliyepita kwenye mfereji wa maji machafu kutoka Bondeni. Alimwona darajani, saa tatu ile. Daraja lilikuwa limefungwa tangu saa mbili na robo. Alikuwa amejaribu kupita chini, majini, kama alivyosema. Mwanamke yule alieleza yaliyobaki kwa maneno machache, na wifi hakuuliza zaidi. Kuhusu mama alisema tu kwamba nyumba zote za safu ile ziliungua.

Mkalimani alikwenda kazini. Kulikuwa na kikao cha kugawa maji, na bila yeye askari na raia wasingeelewana. Alitafsiri hadi jioni. Wifi naye alimaliza pindo la turubai alilokuwa nalo, akakata uzi kwa meno, akalala chini yake na watoto, hakuamka hadi kesho yake mchana.

Siku ya kumi na mbili msafara wa vikosi vingine ulifika, na magari ya kivita, na waandishi wa habari. Vijana wa doria walikuwa wameshavua sare zao. Waliokufa Bondeni walihesabiwa na watu watatu tofauti wakapata idadi tatu tofauti, na ndogo kabisa kati yake ilikuwa kubwa kuliko idadi ya waliookoka.

Miezi minne baadaye jeshi la nchi ya Meja lilimhoji kwa kosa la kufungua kambi bila idhini na kusababisha kifo cha askari. Mkalimani aliombwa ushahidi kwa barua, akautoa. Meja alivuliwa cheo na kustaafishwa kabla ya wakati. Miaka sita ikapita. Ndipo tume nyingine ikaundwa, ya kimataifa, kuchunguza kwa nini raia wa Bondeni hawakulindwa ilhali kulikuwa na kikosi mlangoni mwao. Hii ilimwita Meja kwa kosa lililokuwa kinyume cha lile la kwanza. Alikuwa amechelewa.

Tume ilikaa mji mkuu, kwenye ukumbi wa mikutano wenye zulia la kijivu na mashine ya kahawa iliyokuwa ikikoroma kila baada ya dakika kumi. Mkalimani na wifi yake walipewa chumba kimoja. Usiku wa kuamkia ushahidi hawakuzungumza juu ya jambo hilo. Wifi alimrekebishia gauni lililokuwa limepwaya mabegani.

Mwenyekiti wa tume, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, aliuliza maswali yake kwa utaratibu. Je, kabla ya siku hiyo Meja alijua? Alijua. Aliripoti? Aliripoti, mara tano. Mara moja kwa maneno yake, mara nne kwa maneno ya makao makuu. Aliamuru watu watawanywe? Alitaka kuamuru. Alijifunza sentensi. Alisema neno moja, akashindwa na mengine. Lango lilifunguliwa baada ya muda gani?

"Saa moja na dakika arobaini."

"Kwa maoni yako, lingefunguliwa mapema, wangeokoka wengi zaidi?"

"Wangeokoka. Mdogo wangu alikuwa anangoja mkewe na watoto waingie ndipo akamchukue mama. Barabara ilikuwa wazi kwa dakika arobaini na tano."

Upande wa pili wa ukumbi Meja aliandika kitu kwenye karatasi, au alijifanya kuandika.

"Kuna jambo lingine," mkalimani alisema. "Nilimwambia linafunguliwa, asubiri. Nilikuwa nimeshaisoma amri. Liandikwe na hilo."

Mwenyekiti alimwambia kwa upole kwamba tume haichunguzi watumishi wa ngazi yake.

"Najua," alisema. "Liandikwe tu."

Walipopumzika, Meja aliwafuata kwenye korido. Alikuwa amezeeka, amevaa koti la kiraia lililombana. Alimwomba mkalimani amfikishie wifi maneno yake. Alisema kwamba siku ile alikuwa akisubiri mtu mwingine afanye uamuzi, na kwamba alijua wakati uleule kwamba hakuna mtu mwingine, na kwamba jambo hilo la kujua ndilo lisilomwacha alale. Alisema haombi kusamehewa. Mkalimani alitafsiri yote, hakupunguza.

Watoto watatu wa wifi walikuwa hai kwa sababu ya mtu yule, na hilo wifi alilijua kuliko wajumbe wote wa tume.

"Muulize," alisema, "hao wakubwa aliokuwa akiwapigia simu, ambao walikuwa kikaoni. Kilikuwa kikao cha nini?"

Meja aliposikia swali alishusha macho.

"Yule aliyepokea simu aliniambia baadaye," alisema. "Walikuwa wanajadili ripoti yangu. Ya wiki tatu nyuma."

Wifi alitikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyeoneshwa mshono mbaya na kuona ulipoanzia. Akamwambia Meja, kupitia kwa mkalimani, kwamba binti mkubwa yuko kidato cha pili na anapenda hesabu, wa katikati ni mtundu, na mdogo hakumbuki chochote. Halafu akamshika wifi yake mkono wakaenda kutafuta chai.

Ilikuwa ndani ya basi, njiani kurudi, wifi aliposema, akiwa anatazama dirishani, "Yale maneno yako ya uzioni. Mimi nilikuwepo, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilijua palepale kwamba hujui. Na yeye alijua. Alinikonyeza. Dada yangu akidanganya, alisema, pua inamtoka jasho."

"Kwa nini alisubiri, basi?"

"Sisi tulikuwa nje, wifi. Angetuacha vipi?"

Ripoti ya tume ilitoka mwaka uliofuata, kurasa mia mbili na kumi na nne, kwa lugha ambayo hakuna mtu wa Bondeni aliyeisoma. Ilitaja makao makuu, Baraza, serikali tatu, na Meja. Ilisema jukumu la kuwalinda watu wale lilikuwa la wote hao, na kwamba kila mmoja alikuwa amemngoja mwenzake. Mkalimani aliomba nakala, akaitafsiri yote kwa mkono kwenye madaftari ya shule. Ilimchukua miezi mitano, jioni baada ya kazi. Hakuna aliyemtuma. Alipomaliza, manusura walianza kuja uani kwao siku za Jumapili kusomewa, viti vikiazimwa kwa majirani, na binti mkubwa wa Spoku ndiye aliyekuwa akisoma, kwa sababu shangazi yake alisema yeye ameshachoka kuwa sauti ya watu.

Mshona viatu, ambaye sasa alikuwa hasikii vizuri, alikaa mbele. Kila ukurasa ulipoisha alikuwa akiinua mkono na kusema, "Rudia hapo, mwanangu," na binti anarudia.